Bibi wa Mkungu: Nilivyojifunza Kumchora Mtu Mmoja Mara Kumi na Mbili

Mwalimu mmoja wa chekechea aliniletea vitambaa vya aproni za watoto barazani kwangu, hapa Moshi mjini karibu na soko la Mbuyuni, akakuta daftari langu la michoro liko wazi kando ya cherehani. Alilipekua lote bila kusema neno. Mwishowe akaniuliza kama naweza kumchorea picha 12 kwenye manila, za kusimulia hadithi aliyoitunga mwenyewe: bibi na mjukuu wake wanashuka kutoka Kibosho kuja kuuza ndizi. Nilikubali palepale. Nimechora tangu shule ya msingi, sura za wasichana hasa, na kila aliyeziona alizisifu.

Picha ya kwanza ilipendeza. Nilipomaliza ya nne, binti wa dada yangu, ana miaka sita, aliitazama kwa muda akaniuliza, "Mama mdogo, huyu bibi mwingine ametoka wapi?"

Nikazibandika zote nne ukutani. Mtoto alisema kweli. Bibi wa kwanza alikuwa mfupi mwenye mabega ya mviringo, wa nne alikuwa mrefu kama askari. Masikio yalikuwa yamehama. Miaka yote ile nilikuwa nikichora uso mmoja tu, unaonitazama moja kwa moja, nikiubadilisha nywele na hereni. Mwili sikuujua, na mwili ndio unaomfanya mtu atambulike akiwa mbali, akiwa amegeuka, au akiwa ameinama. Nilimwomba mwalimu muda, akanipa hadi muhula uliofuata.

Nilianza na kitu nilichokuwa nacho shingoni kila siku: tepu ya kupimia wateja. Nilijipima kichwa, kutoka utosini hadi kidevuni, nikapata sentimita 22. Urefu wangu wote ni sentimita 165. Ukigawa, mwili wangu ni vichwa saba na nusu, na hicho ndicho kipimo ambacho wachoraji hukitumia kwa mtu mzima wa kawaida. Shujaa wa katuni hufikishwa vichwa vinane au zaidi ili aonekane mkubwa. Mtoto wa mwaka mmoja ni vichwa vinne tu, ndiyo maana ukimchora mtoto kwa vipimo vya mtu mzima kisha ukampunguza, unapata mzee mdogo. Niliamua bibi yangu awe vichwa sita na nusu kwa sababu mgongo umeanza kupinda, na mjukuu vichwa vitano. Nikaandika namba hizo kwenye kikaratasi, nikakibandika juu ya cherehani kama ninavyobandika vipimo vya mteja.

Tepu ilinionyesha na mengine. Macho yako katikati kabisa ya kichwa, nusu juu nusu chini. Mimi nilikuwa nayaweka juu sana, kwa kuwa nywele na paji la uso havinivutii kama macho. Kiganja pamoja na vidole ni kama kutoka kidevuni hadi nywele zinapoanzia. Jifunike uso kwa mkono utaona. Unyayo ni karibu sawa na kutoka kiwiko hadi kifundo cha mkono. Karibu kila anayeanza huchora mikono midogo na miguu midogo, na mtu wake huonekana kama anaelea. Sikio linakaa kati ya usawa wa nyusi na usawa wa chini ya pua, na kwa wazee huwa refu zaidi. Bibi yangu nilimpa masikio marefu kwa makusudi, ili yawe alama yake akiwa upande.

Lakini vipimo pekee vinakupa sanamu ya dukani inayovaa gauni dirishani. Uhai niliupata sokoni.

Kila asubuhi kabla ya kufungua kazi, nilikuwa nakaa nusu saa mahali ambapo akina mama wanaotoka milimani hushusha ndizi. Nilikuwa na penseli ya 2B, laini kuliko ile ya kawaida ya kuandikia, na karatasi za fotokopi zilizokatwa nusu. Kila mtu nilimpa dakika moja au chini ya hapo. Sikuchora uso wala vidole. Nilianza na mstari mmoja kutoka kichwani, kupitia uti wa mgongo, hadi kwenye mguu uliobeba uzito, kisha mstari wa mabega, kisha mstari wa nyonga. Basi. Wiki ya kwanza zilikuwa takataka tupu. Wiki ya tatu nikaanza kuona kitu ambacho nadhani ni cha thamani kuliko vyote nilivyojifunza: mtu akisimama na kuegemea mguu mmoja, nyonga ya upande huo hupanda na bega la upande huo hushuka. Mistari hiyo miwili haiendi sambamba kamwe, labda awe amesimama gwaride. Na shimo la koo huwa juu ya unyayo ule uliobeba uzito. Nililihakikisha hilo kwa uzi wenye bobini mwishoni, nikiuning'iniza mbele ya jicho kama fundi mwashi na timazi yake. Ukiona umemchora mtu na anaonekana kama ataanguka, teremsha uzi kutoka kooni. Utakuta miguu iko pengine.

Mwanzoni nilikuwa nachora kwa kuibia, na hilo lilinisumbua. Mama mmoja alinigundua, akaja moja kwa moja. Nikasimama, "Shikamoo mama." Akaitikia marahaba, akaomba karatasi. Nilimweleza habari ya watoto wa chekechea na hadithi ya bibi. Akatabasamu, akatandika ngata kichwani, akamwita mwenzake amtwishe mkungu. "Haya mwanangu, chora upesi, na usinizeeshe." Tangu siku hiyo naomba kwanza. Anayekubali hukusimamia vizuri zaidi kuliko unayemwibia.

Na kumtazama akiwa na mkungu kulinifumbua macho. Mzigo wa kichwani unabadilisha mwili mzima. Kichwa hakiinami, shingo inasimama, kidevu kinarudi ndani kidogo, mabega yanatulia sawasawa. Kinachocheza ni kiuno na nyonga tu, chini ya mzigo ambao hauendi popote. Hatua zinakuwa fupi. Bibi ambaye bila mzigo amepinda, akitwishwa mkungu ananyooka! Hilo likawa moyo wa hadithi yangu kwa picha: kwenda sokoni yuko wima, kurudi bila mzigo mgongo unarudi kupinda. Mwalimu hakuwa ameliandika. Nililipata kwa kutazama.

Upande wa nguo nilidhani sitapata shida, maana ni kazi yangu. Nikapata shida. Nilikuwa nachora mikunjo kila mahali kama mapambo, ilhali mezani najua wazi kwamba kitambaa hukunjika pale kinaposhikiliwa au kinapobanwa. Kwenye gauni, kitambaa kinaning'inia kutoka mabegani na kifuani. Kwenye kanga iliyofungwa kiunoni, mikunjo yote inatoka kwenye fundo na kutawanyika kama miale. Kiwiko kikikunjwa, mikunjo inajaa ndani, nje panabaki pamenyooka. Kitenge kipya kigumu kina mikunjo michache mikubwa, shifoni ina mingi midogo. Na ukichora kanga, anza na pindo kabla ya mji, yaani lile pambo la katikati. Pindo ni mstari unaozunguka mwili, kwa hiyo ukilipindisha vizuri kufuata nyonga na paja, mwili ulio ndani unaonekana bila kuchorwa. Nilikuwa nalichora limenyooka kama rula, na bibi akawa bapa kama kadi.

Niseme na habari ya umbo la nje. Kwenye maduka ya picha Moshi na Arusha utaona kazi za mtindo wa Tingatinga, ulioanzia kwa Edward Saidi Tingatinga, aliyeanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 kwa rangi za kung'aa juu ya hadibodi. Picha hizo hazina kivuli kikubwa, lakini mnyama unamtambua ukiwa ng'ambo ya barabara, kwa sababu umbo lake la nje ni safi. Panya wa mchora katuni Masoud Kipanya naye ni hivyohivyo, umemjua kabla hujasoma maneno. Basi nikachukua kalamu ya wino mzito nikawajaza weusi mtupu wahusika wangu wote, bila macho wala nguo. Bibi na mama muuza nyanya walikuwa kitu kimoja. Nikamrudia bibi: kilemba kikubwa kilichofungwa kuelekea nyuma, kikapu upande wa kushoto siku zote, miguu iliyoachana kidogo. Muuza nyanya nikamfanya wa duara, mikono kiunoni. Mjukuu nikampa shati la baba yake linalofika magotini. Binti wa dada yangu akawataja wote watatu bila kusita.

Baada ya hapo ndipo nilipochora karatasi moja ya bibi peke yake: mbele, ubavu, nyuma, na robo tatu (kati ya mbele na ubavu), zote zikiwa kwenye mistari ileile ya mlalo inayopita utosini, machoni, begani, kiunoni na magotini. Ilinichukua siku mbili, na iliniokolea wiki. Kila picha mpya niliilinganisha na karatasi hiyo. Mchoro ukikamilika niliupeleka mbele ya kioo cha wateja. Kwenye kioo jicho lililopanda au taya lililovimba upande mmoja linaonekana mara moja, kwa kuwa unaitazama kama kazi ya mtu mwingine. Anayechora kwa kompyuta anaweza kugeuza picha vivyo hivyo. Programu ya Krita ni ya bure na inafanya hivyo kwa kubonyeza mara moja.

Rangi ya ngozi ilinitoa machozi. Nilichanganya kahawia na nyeusi, nikapata tope. Nyeusi ya kwenye chupa huua ngozi yetu. Nilichofanya ni kuchanganya kahawia inayoelekea wekundu na bluu nzito inayoelekea zambarau. Zinatoa weusi ulio hai, unaoweza kuupeleka upande wa joto au wa baridi. Kisha nikaenda kutazama nyuso kwenye jua la saa mbili asubuhi. Penye mng'ao, juu ya paji na mashavuni, huwa pamechukua rangi ya anga, bluu kidogo. Sikio likiwa na jua kwa nyuma linawaka wekundu. Aliyejifunika kanga ya njano ana unjano chini ya kidevu. Jua la saa sita sikulitumia: huku kwetu kuna siku, katikati ya Machi na mwanzoni mwa Oktoba, linakuwa utosini kabisa, na macho yote yanageuka mashimo.

Kabla ya rangi nilikuwa nafinya macho hadi nibaki naona mabaka mawili tu, ya mwanga na ya giza, nikayaweka hayo kwanza kwa penseli ya 6B, iliyo laini na nyeusi zaidi, kwenye kikaratasi. Rangi ya akriliki ikikauka hukoza kidogo, hivyo nilijaribia pembeni na kusubiri. Nilichanganya rangi ya ngozi ya bibi nyingi kwa mara moja, nikaiweka kwenye kichupa chenye mfuniko, na nikahifadhi kipande chenye rangi hiyo iliyokauka kama ninavyohifadhi sampuli za vitambaa. Kuichanganya upya kila picha ndiko kulikomfanya bibi wa nne awe wa ukoo mwingine.

Nilizipeleka picha zote siku ya Jumatatu, nikakaa nyuma ya darasa kwenye kiti kidogo. Katika ya tisa bibi haonekani uso. Amepanda nyuma ya gari la mizigo, kati ya magunia na watu wengi, amegeukia mlima, kilemba tu na bega. Mwalimu alipoinyanyua aliuliza bibi yuko wapi. Mtoto wa mstari wa mbele aliinuka, akaenda hadi kwenye picha, akaweka kidole juu ya kilemba.

"Huyu hapa. Amechoka."

Mgongo ulikuwa umepinda.