Upana Niachie Mimi

Mlango wenyewe ulikuwa Mji Mkongwe, Unguja, na ulikuwa umepoteza misumari yake kadhaa ya shaba, ile mikubwa yenye kitako cha duara na ncha ndefu. Kabla ya kutengeneza mipya niliipima iliyosalia. Vitako vyote vilikuwa milimita 60, lakini urefu haukulingana. Ya juu ilikuwa 80. Ya chini, iliyowekwa kwenye matengenezo ya zamani, mingine 79, mingine 78.

Fundi shaba niliyempelekea kazi hakuhitaji hata kuuona mlango.

"Walikuwa wanachukua msumari wa zamani, wanaukandamiza mchangani, wanamwaga. Shaba ikipoa hunywea, mwanangu. Kisha anakuja mwingine ananakili ile nakala."

Hunywea takriban milimita moja na nusu kwa kila mia. Mimi nilikuwa nimeupiga picha msumari mzuri kuliko yote, kila upande, na programu ikaziunganisha picha zile kuwa umbo. Nikamwambia nitalikuza umbo zima kwa kiasi hicho, kisha nilichape kwa printa ya 3D.

"Urefu kuza. Upana niachie mimi."

Akanionyesha kwa msumari mwingine. Aliuzamisha mchangani ncha ikitazama chini, akachomeka kijiti cha chuma kwenye kitako, akakigonga taratibu huku na huku mpaka ukaonekana mwanya mwembamba kama unywele kuuzunguka. Bila kugonga, mchanga hung'ang'ania na kubomoka unapoutoa msumari. Na mwanya ule ndio unaofidia shaba itakaponywea. Lakini ncha haina pa kutikisikia kwenda chini, kwa hiyo kila nakala ilitoka fupi kidogo. Swali la mlango mzima likajibiwa na kijiti kile, na mpaka leo sijaona somo la vipimo lililonifurahisha zaidi.

Basi nikakuza urefu peke yake. Kielelezo cha plastiki kilipotoka kwenye printa, Mzee alikipitishia ukucha, akahisi mistari ya tabaka, akatikisa kichwa. Mchanga hunasa kwenye kila mstari. Alikisugua kwa msasa hadi kikalainika, akakipaka nta ya mshumaa, akakinyunyizia jivu. Mchanga wenyewe, uliochanganywa na udongo na maji kidogo, aliupima kwa kuufumbata: akifumbua kiganja, alama za vidole zinabaki, na donge likivunjwa linakatika safi. Ukizidi maji, mvuke huweza kuirusha shaba usoni pa mtu.

Shaba ilikuwa koki na valvu kuukuu za maji. Ilipoyeyuka ukaanza moshi mweupe, nao ni zinki iliyochanganywa ndani ya shaba hiyo ya manjano, ikiondoka, maana zinki huchemka kwenye nyuzi 907 tu za Selsiasi. Tulisimama upande unaotoka upepo. Mzee hakungoja: aliondoa taka za juu, akamwaga kwa mkupuo mmoja bila kusita, kijito chembamba cha rangi ya chungwa.

Asubuhi yake nilipima. Kitako 60, urefu 80. Mzee alikitazama kipimo, kisha akaniuliza kama mashine yangu inaweza kutengeneza msumari ambao mlangoni umebaki nusu tu, maana alikuwa na mteja aliyemrudisha mara mbili kwa kukosa cha kunakili. Inaweza, nikamwambia, nusu moja ikiwa nzima, programu inaigeuza kuwa nyingine. Wiki ile ile tukaenda kuutazama.