Kumbukumbu ya mradi: mizigo ya mpagazi wa 1917, skeli ya 1/35

Mpagazi wangu, modo ndogo ya mbeba mizigo wa vita ninayoitengeneza kwa mkono, mwili anao, mzigo hana, na mpagazi bila mzigo ni jamaa tu kanyoosha mkono juu kama anasimamisha daladala. Kwahiyo awamu hii nzima ni ya vikorokoro vya kichwani: ngata, debe, mkeka, kibuyu na sanduku. Bunduki hakuna kabisa.

Kwa wanaojiunga sasa, skeli ni 1/35, yaani kila kitu ni sehemu moja ya 35 ya ukubwa halisi, mtu wa mita 1.70 anatoka na milimita 48 na ushee. Vita ni ile ya 1914 hadi 1918 huku kwetu, upande wa Waingereza. Vikiti vya madukani, zile seti za modo za kuunganisha, vimejaa vifaru na mabegi ya Wajerumani ya kila aina ila ngata sijaikuta popote, wakati vita yenyewe ilibebwa vichwani: mbung'o waliua farasi na ng'ombe wa kukokota, barabara za maana hakuna, basi risasi, unga na dawa vyote vikapanda kichwani mwa mtu, mzigo wa kawaida paundi 60 hivi, kama kilo 27. Kwa pozi naangalia sanamu. Ile ya Askari pale Posta Dar, ya James Alexander Stevenson, 1927, ni tamu kwa mavazi lakini yule kashika bunduki na singe. Ya Nairobi pale Kenyatta Avenue ndo inanifaa zaidi, ina watu watatu na mmoja wao mpagazi.

Nimeanza na ngata maana ndo inayokaa chini ya vyote. Kwenye skeli hii kipenyo chake ni milimita 4 tu. Nilikuwa nimeshasokota uzi wa puti (udongo wa kuchongea, laini ukiukanda, baadaye unakuwa mgumu) nikauzungusha duara, mama mdogo akapita nyuma yangu akauliza hiyo bangili ya nani. Akavua khanga yake ya begani, akaisokota, akaizungushia vidole vinne vya mkono wa kushoto, ncha akaichomeka ndani, akaniwekea kichwani na ndoo juu. "Sasa jiangalie kwenye kioo, umeona ilivyolala?" Nikaona. Ngata yenye mzigo haibaki duara, inabonyea, inatanuka pembeni, na upande wa paji la uso inatokeza zaidi. Kwahiyo sasa naiweka puti ikiwa mbichi, nasubiri ianze kushika kidogo, nakandamiza na debe lenyewe lililopakwa vaselini chini, alafu nachora mikunjo ya kitambaa kwa sindano iliyolowa maji. Mikunjo inafuata msokoto, sio kwenda ovyo ovyo.

Puti nachanganya aina mbili, Milliput na Green Stuff, nusu kwa nusu. Milliput peke yake inalainika vizuri kwa maji na ikikauka unaipiga msasa, lakini ukiifanya nyembamba inavunjika. Green Stuff inavutika ila msasa haiutaki kabisa, inachanika nyuzi nyuzi. Ukizikanda pamoja unapata kitu cha katikati. Kwa joto la Dar inashika upesi, kwahiyo nakata vipande vidogo vidogo, cha ukubwa wa mbegu ya papai kinatosha ngata nzima na kinabaki.

Debe sikulichonga, nimejenga kwa plastiki. Debe la kale la mafuta ya taa, galoni nne, ni sentimita 23 na nusu kila upande na urefu 35, kwahiyo kwetu ni milimita 6.7 kwa 10. Plastiki natoa kwenye vikopo vya mtindi, vile vinavyopasuka ukivikunja, maana vile laini vinavyojikunja bila kupasuka gundi ya modo haivishiki hata ufanyeje. Kuta nne, mfuniko, ukingo wa juu ni waya wa shaba wa ndani ya earphone, mwembamba kama unywele. Kabla ya kuunganisha nimebonyeza ubavu mmoja kwa ncha ya kalamu ya wino, debe lisilobonyea liko dukani tu. Likijaa maji lina kilo 18 lenyewe, bado hujaweka mkeka juu.

Mkeka ndo umenila muda. Nilitaka kuugandamiza puti kwenye chujio la chai nipate ule msuko, lakini piga hesabu: matundu ya nusu milimita ukizidisha kwa 35 unapata mwaa wa karibu sentimita mbili. Huo sio mkeka, hilo ni jamvi la shughuli. Kitambaa cha shela kina matundu madogo zaidi, kinatoa mwaa wa kama sentimita moja, hapo sawa. Puti naisukuma nyembamba na chupa juu ya nailoni iliyopakwa poda ya mtoto, nagandamiza shela, ila shela nailaza mshazari, kwasababu kwenye ukili, ule utepe uliosukwa, miyaa inakwenda mshazari haiendi wima. Alafu kila baada ya milimita 2 nakwaruza mstari mwembamba, pale ambapo ukili umeshonwa na mwenzake. Ukiacha hiyo mistari mtu wa pwani atajua tu kuna kitu hakipo, hata kama hawezi kukwambia ni nini.

Unene ni shida ya kudumu. Kitambaa halisi ukikigawa kwa 35 hakuna puti inayofika huko, lakini jicho linaangalia pindo tu, kwahiyo nakwangua kingo kwa wembe kwa ndani mpaka zinakaribia kupitisha mwanga, katikati naacha nene ili isivunjike. Mkeka uliokunjwa unaonekana mwembamba kweli kweli.

Kibuyu hakikusumbua, tone la puti juu ya pini, shingo ukaivuta, kamba ni fremu ya plastiki inayoshikilia vipande vya kikiti, iliyopashwa kwenye mshumaa ikavutwa mpaka uzi.

Sanduku la risasi nimetengeneza moja la plastiki, nyuzi za mbao nimezikwaruza na msumeno wa chuma, na hilo naliandalia moldi ya silikoni, yaani kalibu, nitoe mengine kwa kumimina resini, maana wapagazi watatu wanaofuata nao watabeba. Rangi inaanza na debe: praima ya kijivu, fedha iliyofifia, alafu kutu ya kahawia kwa kipande cha sponji, kingo za chini zaidi ya juu kwasababu ndo zinazokaa kwenye tope.