Kalenda ya Mwezi Ukutani mwa Ofisi

Mwezi wa saba nakabidhi ofisi. Watu wameshaanza kunitumia sifa, na karibu zote zinafanana: "Mama ana huruma." Sifa hiyo siipendi. Nimekuwa mkuu wa shule tangu 2010. Nikifanya jambo likafaulu, wanasema ni ile huruma ya kike. Likiharibika, wanasema ndiyo tabu ya wanawake, huruma imezidi. Na kosa langu kubwa kuliko yote halikuwa na huruma hata chembe.

Kwetu ni Muheza, kwenye machungwa. Ualimu nilisomea Korogwe, nikapangiwa Tanga mjini kufundisha Kiswahili na Historia. Wenyewe husema "waja leo, waondoka leo". Mie sijaondoka mpaka leo. Shahada nimeisoma Chuo Kikuu Huria, usiku, watoto wakishalala. Uongozi nikafunzwa ADEM, chuo cha uongozi wa elimu kule Bagamoyo: bajeti, stoo, namna ya kuendesha kikao kisigeuke baraza la kahawa. Jioni tulikuwa tunashuka ufukweni kula samaki wa kukaanga na kuwasengenya maofisa elimu. Nilijifunza mengi pale. Kufuta majina ya watoto hakuna aliyenifundisha, hilo nilijifunza mwenyewe.

Mnaokumbuka matokeo ya kidato cha nne ya 2012 mnajua hali ilivyokuwa. Yalitoka Februari 2013, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchi nzima walipata daraja sifuri. Ikaundwa tume, matokeo yakapangwa upya, kisha ukaja mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa, na sisi wakuu wa shule tukaanza kupelekwa puta. Kikaoni shule yako inasomwa kwa nafasi yake, mbele ya watu, nawe umekaa na kalamu yako huna la kuandika.

Sasa, ukitaka shule yako ipande, njia ni mbili. Ya kwanza ni kufundisha, nayo inakula miaka. Ya pili ni kuhakikisha walio dhaifu hawafiki chumba cha mtihani. Hii ya pili haisemwi kikaoni. Ila kanuni ipo: mtoto asipoonekana siku 90 mfululizo bila taarifa, jina linafutwa. Na watoro wengi ndio hao hao walio nyuma darasani. Mwaka 2014 nikaletewa karatasi yenye majina saba ya kidato cha tatu. Nikasaini. Haikuchukua dakika tano, na sikumuuliza mwalimu wa darasa hata swali moja. Darasa lile lilipofanya mtihani, wastani wetu ukapanda. Nikaitwa mbele, nikapewa cheti na chupa ya chai. Chupa ninayo bado, inatunza moto vizuri sana.

Siku moja nimekwenda kununua samaki Deep Sea, nasikia, "Shikamoo madam." Binti ameinama anaparua magamba, kanga kaifunga kiunoni. Sura naijua, jina limenipotea. Akanisaidia, akalitaja. Lilikuwa la tatu kwenye ile karatasi.

Nikamuuliza, kwa ule ukali wetu wa kiofisi, mbona aliacha shule.

"Sikuacha, madam. Nilikuwa Pongwe namuuguza bibi. Alipofariki nikarudi, nikaambiwa jina langu halipo."

Hakusema kwa kunilaumu, na hapo ndipo aliponimaliza. Alinipimia fungu la vibua, akaongeza wawili juu. "Nyongeza, madam." Nilimwambia tutafute njia arudi. Akacheka: "Mie sasa nina meza yangu." Wale vibua nilimpa jirani.

Tangu siku ile daftari la mahudhurio ndilo karatasi ya kwanza kufika mezani kwangu. Saa tatu asubuhi liwe limefika, barua za halmashauri zingoje. Mtoto akikosekana siku mbili, ya tatu nafika kwao. Posho ya madaraka ilipoanza 2016, shilingi 250,000 kwa mwezi, wenzangu wengine waliendea mikopo ya magari. Mie nilinunua matairi mapya ya baiskeli. Mji wetu huu mwanamke juu ya baiskeli si kioja, na Ngamiani zile barabara za namba hazinipotezi. Nabisha hodi, nakaribishwa kitako, nauliza.

Baadaye nikahamishiwa shule ya pwani, kijiji cha wavuvi kusini mwa mji. Huko daftari lilinishinda. Wasichana walikuwa wanakosekana kwa mkupuo, siku tatu nne, kisha wanarudi wote. Baada ya wiki mbili, tena. Mwalimu wa nidhamu alikuwa na jibu lake: fimbo. Mie nikaenda kumuuliza mama mmoja pale barazani kwake, naye akanitazama kama mtu aliyekuja kuuliza jua linachwea wapi.

"Mwalimu, si bamvua hilo?"

Bamvua! Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hukupwa mpaka mwamba unabaki mtupu, nako huku kwetu hukupwa saa nne, saa tano asubuhi, wakati sisi tuko kipindi cha Hisabati. Wanawake wanashuka na vijiti kutafuta pweza, na mabinti wanabeba ndoo. Ile ndoo ndiyo inayonunua madaftari na sare. Nikanunua kalenda yenye miandamo, nikaitundika ofisini, nikailinganisha na daftari. Alama za utoro zilifuata mwezi kama zimepigiwa mstari.

Mwezi huwezi kuuamuru. Nilichoweza ni kuhamisha majaribio yote yasiangukie siku za bamvua, na kukaa na akina mama tuombane: bamvua likiangukia Jumamosi na Jumapili ndoo ibebwe, siku nyingine mabinti waachiwe darasa. Wengine walikubali. Wengine wakaniuliza nitawalipia nini, nami jibu sikuwa nalo. Kuna mabinti wawili nimewakosa mpaka leo.

Waraka wa 2021 ulipotoka, wa kuwaruhusu waliokatiza masomo kurudi, hata waliojifungua, nilipanda baiskeli siku hiyo hiyo. Nilimpata mmoja. Alifanya mtihani wa kidato cha nne akiwa na mtoto anayelelewa na bibi yake. Alipata daraja la nne. Nilishangilia kuliko ile chupa ya chai.

Juzi mwenzangu atakayenipokea alikuja kuonyeshwa ofisi. Mwanamke kijana, mwepesi, ana kompyuta yake. Akakagua makabati, mihuri, vitabu vya ruzuku. Akasimama mbele ya kalenda, akadhani ni ya kuhesabia Ramadhani.

Nikamwambia avute kiti.

"Jumatano ijayo bamvua linaanza. Huo mtihani wako wa majaribio uliouweka Alhamisi, tuuhamishe kwanza, halafu nikuonyeshe stoo."