Kumbukumbu ya mradi: Gari-nyumba, kisiwa cha Anastasia na mji wa kale wa St. Augustine

Aprili

Nafasi ya kambi imepatikana kwa mwezi wa Februari katika Hifadhi ya Jimbo ya Anastasia, kisiwani, ng'ambo ya mji wa kale wa St. Augustine huko Florida. Wakazi wa Florida huruhusiwa kuweka nafasi katika hifadhi za jimbo lao miezi 11 kabla ya safari, ilhali wanaotoka nje ya jimbo hungoja hadi ibaki miezi 10, kwa hiyo sisi wa nje tulichagua katika zile ambazo wenyeji walikuwa wameziacha. Hifadhi ina nafasi 139, na si kila moja inafaa gari-nyumba, yaani gari lenye vitanda, jiko na choo ndani yake. Baadhi zimekaa kati ya mialoni yenye matawi yaliyoinama, na nyingine ni fupi kiasi kwamba gari letu la mita 8.5 lingetokeza pua barabarani. Tuliyoipata ni ndefu vya kutosha, ina maji na umeme, lakini haina bomba la maji taka. Upungufu huo ndio utakaoongoza mipango mingi inayofuata.

Februari ilichaguliwa kwa kuondoa miezi mingine. Msimu wa vimbunga huanza tarehe 1 Juni na kuisha tarehe 30 Novemba, na mji huu ulifurikwa na bahari wakati wa kimbunga Matthew mwaka 2016 na tena wakati wa Irma mwaka 2017. Kiangazi kina joto zito na radi za alasiri. Kuanzia Novemba hadi Januari mji mzima hupambwa kwa taa, nao watu hufurika kuzitazama. Ni jambo zuri kwa mwenye chumba hotelini, lakini si kwa mwenye gari refu linalotafuta mahali pa kugeukia.

Juni

Njia ya kuingilia imeamuliwa. Ramani ya simu hupendekeza kukatiza katikati ya mji na kuvuka Daraja la Simba, lililofunguliwa mwaka 1927, ambalo sehemu yake ya kati huinuliwa kupitisha vyombo vya majini na kusimamisha magari kila mara. Tutaacha barabara kuu ya 95 kwenye njia ya kutokea namba 311, tufuate barabara ya jimbo ya 207, kisha ya 312 inayovuka hadi kisiwani kusini mwa mji, na hatimaye tupande kaskazini kwa barabara ya A1A mpaka kwenye lango la hifadhi. Kwa njia hiyo gari halitaingia mji wa kale hata mara moja.

Huo ndio msingi wa mradi wote: gari likishawekwa kambini halitoki mpaka siku ya kuondoka. Mtaa wa St. George, ulio moyo wa mji wa kale, ni wa waendao kwa miguu tu. Mitaa jirani ni myembamba. Na jengo la maegesho lililo karibu na kituo cha wageni lina kikomo cha kimo ambacho gari-nyumba halipiti. Kutoka langoni mwa hifadhi hadi darajani ni kama kilomita tatu za ardhi tambarare. Baiskeli zinatosha.

Agosti

Mwezi huu ulikuwa wa kupanga tutazame nini na kwa utaratibu gani, na hapa nilitumia muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa furaha.

Mipango mingi ya kutembelea St. Augustine huanzia kwenye ngome ya Castillo de San Marcos na kushuka madukani. Wetu utaanzia kambini, kwa sababu jiwe lililoijenga ngome hiyo lilichimbwa katika kisiwa hiki hiki, na machimbo ya zamani ya Wahispania yamo ndani ya hifadhi. Jiwe lenyewe huitwa kokwina: ni maganda ya chaza wadogo yaliyoshikana kwa karne nyingi hadi yakawa mwamba mwepesi wenye vitundu. Mji ulianzishwa na Pedro Menéndez de Avilés mwaka 1565, na kwa zaidi ya miaka mia moja ulilindwa kwa ngome za mbao zilizooza na kuungua moja baada ya nyingine. Baada ya haramia Robert Searle kuupora mwaka 1668, Wahispania waliamua kujenga kwa jiwe. Kazi ilianza mwaka 1672 na ngome ikakamilika mwaka 1695.

Miaka saba baadaye jiwe hilo lilipata mtihani wake. James Moore, gavana wa koloni la Waingereza la Carolina, aliuzingira mji mwaka 1702, na wakazi wakakimbilia ndani ya ngome pamoja na askari. Mizinga haikuvunja kuta. Kokwina haipasuki kama itale. Hubonyea na kuimeza risasi ya mzinga. Moore aliuchoma mji, kisha akaondoka bila ngome. James Oglethorpe, mwanzilishi wa koloni la Waingereza la Georgia, alijaribu tena mwaka 1740, naye akashindwa. Ninataka tuyaone machimbo asubuhi na kuta alasiri ya siku hiyo hiyo, ili mkono ulioligusa jiwe kisiwani uliguse tena ng'ambo. Tiketi ya ngome hutumika kwa siku saba, kwa hiyo hatuna haja ya kuimaliza kwa mkupuo mmoja.

Siku ya pili nzima nimeiwekea Fort Mose, kama kilomita tatu kaskazini mwa ngome, mahali ambapo wageni wengi hupapita bila kusimama. Mwaka 1693 mfalme wa Hispania alitoa amri ya kuwapa uhuru watumwa waliotoroka makoloni ya Waingereza na kukubali dini ya Kikatoliki. Mwaka 1738 gavana Manuel de Montiano aliwapa watu hao makazi yao wenyewe, Gracia Real de Santa Teresa de Mose, makazi ya kwanza ya Waafrika huru kutambuliwa kisheria katika eneo ambalo leo ni Marekani. Kiongozi wa wanamgambo wao, Francisco Menéndez, alikuwa Mmandinka, mtu wa Afrika Magharibi, aliyetoroka utumwa Carolina. Mwaka 1740, wakati wa uvamizi wa Oglethorpe, Mose ilitekwa, na wapiganaji wake wakashirikiana na Wahispania kuikomboa katika pambano lililowavunja nguvu Waingereza. Hispania ilipoikabidhi Florida kwa Uingereza mwaka 1763, wakazi walihamia Kuba.

Kuna anayeweza kusema kwamba pale hapana cha kuona, maana eneo la ngome ya awali limemezwa na bwawa la maji ya chumvi. Mimi naona kinyume. Bwawa lenyewe linaeleza kwa nini mlinzi aliwekwa hapo, kwenye njia ya adui atokaye kaskazini.

Mtaa wa Lincolnville, ulioanzishwa na watu waliotoka utumwani mwaka 1866, utafuata siku ya tatu, pamoja na ngazi za moteli ya Monson ambako Martin Luther King alikamatwa mwezi Juni 1964. Mnara wa taa wa mwaka 1874, wenye vidato 219, uko karibu kabisa na kambi na unaweza kuingizwa siku yoyote miguu ikikubali.

Novemba

Maji na umeme. Tangi letu la maji machafu, yaani yaliyokwisha kuogea na kuoshea vyombo, lina ujazo wa lita 115. Watu wawili wakioga ndani ya gari, hata kwa kufunga bomba wakati wa kujisugua, hutumia lita 30 hivi kwa siku. Ukiongeza vyombo, tangi hujaa siku ya tatu, na kulimwaga kwenye kituo cha hifadhi kunamaanisha kufungasha kila kitu na kuliondoa gari. Kwa hiyo tutaoga katika mabafu ya kambi, na tangi litabaki kwa ajili ya vyombo na kunawa mikono. Choo cha gari ni cha usiku.

Umeme wetu ni wa amperi 30 kwa volti 120, sawa na wati 3,600. Februari haihitaji kiyoyozi, ila usiku huweza kuwa wa baridi. Hita ya umeme hula wati 1,500 na birika kiasi kama hicho; anayewasha mikrowevu juu ya hivyo viwili atakaa gizani. Kanuni iliyobandikwa jikoni ni kwamba hita huzimwa kabla ya kifungua kinywa. Gesi ya kupashia gari joto itabebwa kama akiba.

Januari

Upepo wa magurudumu umepimwa gari likiwa limepakiwa, si likiwa tupu, kwa sababu kiwango sahihi hutegemea uzito ulio juu ya kila ekseli. Tangi la maji safi litasafiri likiwa na robo tu, kwani kila lita ni kilo moja na maji yapo kambini. Mpira wa maji, kipunguza presha na waya wa umeme vimewekwa katika sanduku moja upande wa kuunganishia.

Bado haijaamuliwa njia ya baiskeli kwenda Mose. Barabara ya San Marco ni fupi lakini ina magari mengi, na sehemu ya mwisho inaingia barabara kuu namba 1 yenye magari ya kasi. Mwenzangu anapendelea tupande gari la kukodi siku hiyo. Nimekubali, kwa sharti kwamba mvua ikinyesha siku ya pili, Mose ibadilishane na Lincolnville na isifutwe.