Wiki mbili za mwanzo za dawa ya wasiwasi: nilivyozivuka

Mara ya kwanza nilipoandikiwa dawa ya wasiwasi niliimeza siku nne tu, nikaacha. Mara ya pili, miezi saba baadaye, dawa ilikuwa ileile na maudhi yake yalikuwa yaleyale, lakini nilivuka. Tofauti ilikuwa namna nilivyoanza, na yale niliyokuwa nimeshaelezwa kabla kidonge hakijapita kooni. Naandika haya kwa ajili ya mtu aliyeko siku ya tatu au ya nne sasa hivi, anayeona kama kaongezewa ugonjwa badala ya kupunguziwa.

Yangu ilikuwa ni hofu ya mashambulio. Nimekaa zangu, au nipo kwenye foleni, mara moyo unaanza kwenda mbio, vidole vinakufa ganzi, kifua kinabana, pumzi haitoshi, na kichwani hakuna kingine ila nakufa sasa hivi. Shambulio lilipanda kwa dakika kama 10 hivi, kisha likashuka taratibu na kuniacha nimelowa jasho, hoi. Nilipimwa moyo mara mbili, nikapimwa damu na tezi ya shingo, majibu yote yakarudi safi. Ndipo nikaambiwa ni ugonjwa wa hofu, na kwamba unatibika.

Daktari wa kwanza aliniandikia setralini, miligramu 50, akasema nimeze kila siku na nirudi baada ya mwezi. Basi. Siku ya kwanza nilipata kichefuchefu. Siku ya pili miguu ilikataa kutulia, nikawa nazunguka nyumba nzima. Siku ya tatu moyo ukaanza mbio zake, na siku ya nne nikapata mashambulio mawili kabla ya jua kuzama. Niliona dawa ndiyo inayoniua. Nikaitupa, na sikurudi kuuliza. Nilipokosea zaidi ni hapo kwenye kutouliza, maana nilikaa miezi saba nikiamini kwamba mwili wangu haupokei dawa, huku mahali ninapothubutu kwenda panazidi kupungua.

Mara ya pili nilimwona daktari wa magonjwa ya akili, mama wa makamo asiye na haraka. Aliniuliza kwa nini niliacha. Nikamweleza, nikitegemea kugombezwa. Hakunigombeza. Alisema, "Mwanangu, ulianzishwa kwa kasi na hukuelezwa." Kisha akanieleza. Dawa hizi zinaigusa serotonini, yaani kemikali ya mwili inayobeba ujumbe kati ya neva, na sehemu kubwa sana ya serotonini ya mwili haiko kichwani, iko tumboni. Ndiyo maana tumbo linakuwa la kwanza kulalamika. Tena, wenye ugonjwa wa hofu mara nyingi ni wepesi kutikiswa na dozi za mwanzo: siku chache za kwanza wasiwasi wenyewe unaweza kupanda. Kwa sababu hiyo watu kama mimi huanzishwa miligramu 25 kwa wiki nzima, ndipo wakapandishwa kwenda 50. Na jambo la mwisho, ambalo ndilo lililonibeba: maudhi huja siku ya kwanza, nafuu huja baada ya wiki mbili hadi sita, wengine hata zaidi. "Unaanza kulipa leo," aliniambia, "mzigo wako unaupokea mwezi ujao. Wengi wanalipa nusu wanakimbia."

Aliniuliza pia maswali ambayo daktari wa kwanza hakuuliza. Kama kuna dawa nyingine ninazotumia, hasa za maumivu aina ya tramadoli, au dawa za mitishamba. Kama niliwahi kuwa na kipindi cha siku kadhaa silali, sichoki, mawazo yanakimbia, najiona naweza kila kitu. Kama nina ujauzito au nautarajia. Na akanitajia mambo ambayo si maudhi ya kuvumilia, akaniandikia kwenye karatasi ili nisiyasahau: mawazo ya kujidhuru, ambayo huangaliwa kwa makini zaidi kwa walio chini ya miaka 25; homa inayokuja na misuli kukakamaa, kutetemeka na kuchanganyikiwa; uso au ulimi kuvimba; na kukosa usingizi kabisa huku nguvu zikizidi. Hayo, alisema, usisubiri miadi. Karatasi ile niliibandika ndani ya mlango wa kabati, na mume wangu akaipiga picha kwenye simu yake.

Kuwa na orodha ile kulinipa utulivu wa ajabu. Kabla yake kila kitu kilikuwa hatari. Sasa kulikuwa na mambo manne ya hatari, na mengine yote yalikuwa ya kusubiri.

Nilinunua daftari dogo. Mtu mwenye hofu ya aina hii husikiliza mwili wake mchana na usiku. Pigo moja la moyo likikosa mpangilio, siku nzima imekwisha. Sikuweza kuacha kusikiliza, kwa hiyo nikaamua niwe naandika ninachokisikia: saa, kilichotokea, kilichukua muda gani. "Siku ya 2, saa nne asubuhi, kichefuchefu, dakika 40, sikutapika." "Siku ya 3, saa saba mchana, mikono inatetemeka, dakika 25." Ilipofika siku ya tano niliona kwa macho yangu kwamba hakuna kilichoanza kikakosa kwisha. Hakuna maneno ya mtu yeyote yaliyonishawishi kuliko mwandiko wangu mwenyewe.

Kichefuchefu nilikipunguza kwa kutomeza dawa tumbo likiwa tupu, na kwa kula kidogokidogo mara nyingi badala ya sahani moja kubwa. Tumbo lilikuwa laini mpaka siku ya sita, nikanywa maji kwa wingi, likatulia lenyewe. Kahawa niliacha kabisa mwezi ule. Kahawa inapandisha mapigo ya moyo na kutetemesha mikono, nami sikutaka kukaa nikijiuliza hili ni la dawa, la kahawa au la ugonjwa.

Miayo ilinishangaza, kwani hakuna aliyekuwa amenitajia. Nilipiga miayo mikubwa nikiwa sina usingizi hata chembe, katikati ya maongezi, mpaka machozi yananitoka. Na taya. Asubuhi niliamka taya zinauma kama nimetafuna mti usiku kucha, na kingo za ulimi zina alama za meno. Mfamasia aliniambia kusaga meno ni jambo linalojulikana kwa dawa hizi. Mchana nilijizoesha kuweka ncha ya ulimi nyuma ya meno ya juu. Nikifanya hivyo taya zinalegea. Usiku nilikanda mashavu kwa kitambaa cha maji ya moto kabla ya kulala. Mpaka mwisho wa wiki ya tatu maumivu yalikuwa yamepungua sana.

Usingizi ndio uliokuwa mgumu. Nilianza kumeza usiku, nikidhani nitayalala maudhi. Badala yake nilikuwa macho saa nane, na nikisinzia naota ndoto zenye rangi na kelele, nyingine za watu waliokufa zamani. Siku ya nne nilimpigia daktari, jambo ambalo mara ya kwanza sikulifanya. Maongezi yalichukua dakika tatu. Alinielekeza namna ya kuhamisha dozi kutoka usiku kwenda asubuhi, na baada ya siku mbili tatu nikaanza kulala saa tano mfululizo. Dakika tatu tu! Ningempigia yule wa kwanza, pengine nisingepoteza miezi saba.

Usiku wa siku ya tano ndio ninaoukumbuka kuliko yote. Shambulio liliniamsha. Nilikwenda kukaa sakafuni bafuni kwa sababu vigae vilikuwa baridi, mgongo ukutani, magoti kifuani. Mume wangu alinifuata. Tulikuwa tumekubaliana mapema kwamba asiniulize najisikiaje, kwa kuwa swali lile lilinirudisha kwenye kuukagua moyo, wala asiniambie nitulie. Kazi yake ilikuwa kukaa na kusoma saa. Akakaa mlangoni na simu mkononi.

"Saa tisa na dakika nne," akasema.

Nilikuwa nahesabu pumzi, kuvuta mpaka nne, kutoa mpaka sita. Nyayo nimezikandamiza kwenye kigae, nasikia mstari wa saruji kati ya kigae na kigae chini ya kisigino.

"Saa tisa na dakika nane."

Hapo ndipo palipokuwa pabaya kuliko pote. Nilimshika kifundo cha mguu.

"Saa tisa na kumi na mbili."

Na ilipofika na kumi na tisa nilihisi mabega yameshuka, bila mimi kuyashusha. Tulikaa palepale tukanywa maji. Niliandika kwenye daftari: "Siku ya 5, saa tisa usiku, dakika 15 mpaka kushuka." Daktari alikuwa amenipa vidonge vichache vya kutuliza haraka kwa ajili ya usiku kama huo, akinionya kwamba si vya kuzoea, kwa sababu mwili huanza kuvitegemea upesi, na kwamba visikutane na pombe. Vilikuwa kabatini. Usiku ule sikuvifuata. Wiki iliyofuata nilikunywa kimoja na sikujuta; naamini mtu asijione dhaifu kwa kutumia alichopewa kwa kiasi alichopewa.

Siku ya nane nilipanda kwenda miligramu 50. Maudhi yalirudi siku tatu, safari hii kama mgeni unayemjua tabia zake. Siku ya kumi na moja nilisahau dozi ya asubuhi, nikakumbuka usiku nikiwa kitandani, na hofu ikanijia kwamba nimeharibu kila kitu. Mfamasia alikuwa ameshaniambia: ukikumbuka mapema imeze, ukikumbuka wakati wa dozi inayofuata umekaribia iache iliyopita, wala usimeze mbili kwa pamoja. Niliiacha. Kesho yake nikaendelea, na hakuna lililotokea.

Mama yangu aliposikia alilia. Kwake dawa za akili ni dawa za kumfunga mtu maisha. Nilimweleza nilivyoelezwa: hizi hazimpi mtu uchu wa kuzitafuta kama ulevi, lakini mwili unazizoea, na ukizikata ghafla unapata kizunguzungu, hasira za bure na hisia kama mshtuko wa umeme unaopita kichwani. Kwa hiyo siku ya kuacha ikifika hupunguzwa taratibu chini ya daktari. Sidhani kama nilimshawishi siku ile. Lakini kuanzia wiki ya pili akawa ananipigia kila asubuhi. "Umekula? Umemeza?" Na mimi, "Nimekula mama, nimemeza."

Kuna moja ambalo watu hulinyamazia, nami nitalisema kwa heshima: hamu ya tendo la ndoa ilipungua, na kilele kikawa mbali. Lilianza wiki ya tatu. Nilitamani kunyamaza, lakini ninajua walioacha dawa kimyakimya kwa sababu hiyo peke yake, huku mwenza akidhani hapendwi tena. Nilimwambia mume wangu kwanza, kisha daktari. Alisema zipo njia, kupunguza dozi au kubadilisha dawa ni baadhi yake, na akaniuliza mimi nataka nini. Nilichagua kusubiri, kwa kuwa ndiyo kwanza nilikuwa naanza kulala. Limepungua, halijaisha.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Wiki ya nne nilisimama kwenye foleni ndefu mpaka zamu yangu ikafika, na nilipotoka ndipo nikagundua kwamba sikutafuta mlango ulipo. Wiki ya sita nilipanda lifti. Moyo ulidunda kwa nguvu, ukatulia ghorofa ya tatu. Wakati huo nilikuwa nimeshaanza pia vikao na mshauri nasaha, tukiparudia mahali nilipopakimbia, hatua kwa hatua, kuanzia pepesi kwenda pagumu. Bila dawa nisingeweza kufika hata kwenye kikao cha kwanza. Hilo nalisema kwa uhakika kuhusu mimi, si kuhusu kila mtu, maana wapo wanaopona kwa mazungumzo tu.

Sasa ni mwezi wa tisa tangu nianze. Bado niko kwenye 50. Usiku natoka jasho shingoni kiasi cha kugeuza mto, na miayo hunitembelea mara mojamoja. Shambulio la mwisho lilikuwa miezi mitatu iliyopita, dakika 8 kwa mujibu wa daftari. Mwezi ujao nina miadi, na kwenye ukurasa wa mwisho nimeandika maswali matatu ya kumwuliza daktari: jasho la usiku, lile la ndoa, na ni lini tutaanza kuzungumzia kupunguza.