Kumbukumbu ya mradi wangu: mashujaa wa Mesopotamia na kile walichorudi nacho

Mradi huu unahusu tendi za Mesopotamia ya kale, zile zilizoandikwa kwa Kisumeri na Kiakadi kwenye vibao vya udongo katika nchi ambayo leo tunaiita Iraki. Kusudi la mwanzo lilikuwa kukusanya mada zinazojirudia kutoka utenzi mmoja hadi mwingine: urafiki, ndoto, safari, hofu ya kifo, hasira ya miungu. Kadiri kazi inavyosonga mbele, mada hizo zimejipanga zenyewe kuzunguka swali moja, nalo ni hili: shujaa anapofika mahali ambapo binadamu wa kawaida hafiki, anaomba nini, na anarudi mjini kwake na nini?

Kwa ajili ya swali hilo nimeunganisha karatasi za manila zikawa jedwali moja kubwa ukutani. Kila shujaa ana mstari wake, na safu zinaonyesha mji anaotoka, anayefuatana naye, mahali anapofika, anachopewa au kunyimwa, na anachorudi nacho. Mistari iliyoanza kujazwa ni ya Lugalbanda na Gilgamesh wa Uruk, Etana wa Kish, na Adapa wa Eridu. Enuma Elish, utenzi wa Babeli kuhusu uumbaji, nimeuweka kando kwa makusudi, kwa sababu Marduk ni mungu anayepigania enzi, na hana kifo cha kumfuata wala nyumba ya kurejea akiwa amechoka.

Muda mwingi wa awamu hii umekwenda kwa Lugalbanda, na sijutii hata kidogo. Mashairi yake mawili ya Kisumeri yanapatikana bure mtandaoni katika mkusanyo wa matini za Kisumeri ulioandaliwa na Chuo Kikuu cha Oxford, nami nimeyasoma sambamba na daftari mkononi. Mfalme Enmerkar wa Uruk anaongoza jeshi kwenda kuuzingira mji wa Aratta, ulioko mbali ng'ambo ya milima. Njiani Lugalbanda, mdogo wa ndugu zake, anaugua vibaya. Ndugu hao wanamlaza pangoni, wanamwachia chakula na silaha, kisha wanaendelea na safari wakitarajia kwamba watakaporudi watauchukua mwili wake.

Hapo ndipo ushujaa wake unapoanza, na unaanza kwa udhaifu. Analia, anaomba kwa mungu jua Utu, kwa mungu wa kike Inana, na kwa mungu mwezi, hadi anapata nguvu za kutoka pangoni. Kisha linakuja tukio dogo ambalo nimelinakili lote daftarini: Lugalbanda anagonganisha mawe mpaka anapata cheche, na ingawa hajui kuoka wala hajawahi kuwa na tanuri, anaoka mkate wake kwa makaa saba tu. Sijaona mahali pengine katika tendi hizi ambapo mshairi anamtazama shujaa kwa karibu namna hii, akimwonyesha kijana aliyetoka kuugua akijifunza peke yake kazi ya jikoni ili asife kwa njaa.

Katika shairi la pili anakikuta kiota cha Anzu, ndege mkubwa wa kutisha. Badala ya kumwinda, anamlisha kinda wake nyama yenye chumvi na mikate ya asali, anampaka wanja machoni na kumpamba kichwani. Anzu anaporudi na kuita, kinda haitiki, na wazazi wote wawili wanapiga kilio wakidhani amekufa. Wanapokuta kiota kimepambwa kama makao ya mungu, Anzu anataka kumjua aliyetenda wema huo ili amlipe. Anamwahidi Lugalbanda mashua iliyojaa mali, kisha mishale isiyokosa shabaha, kisha mavazi ya vita, naye anakataa kimoja baada ya kingine. Anachoomba ni miguu isiyochoka na mikono isiyolegea, apate kwenda popote moyo wake unapomtuma. Anzu anampa, na anamwonya asiwaambie ndugu zake.

Nimekaa sana na ombi hilo. Mishale ingemfanya mwuaji bora na mali ingemfanya tajiri, lakini mbio ndizo zinazomrudisha kwa watu wake. Jeshi linapokwama mbele ya Aratta kwa mwaka mzima, na Enmerkar anapotafuta mtu wa kupeleka ujumbe kwa Inana huko Uruk, hakuna anayejitokeza isipokuwa Lugalbanda, naye anasisitiza kwenda peke yake. Anavuka milima saba na kufika kabla ya usiku kupita. Katika safu ya "alichorudi nacho" nimeandika jibu la Inana la namna ya kuushinda mji ule, na kando yake nimeandika kwamba zawadi ya siri ya mtu mmoja imegeuka kuwa msaada kwa jeshi zima.

Mstari wa Gilgamesh ndio mrefu kuliko yote, na ndio uliosababisha nipanue jedwali. Ninafuata toleo la kawaida la vibao 12, ambalo mapokeo ya Babeli yanamhesabu Sin-leqi-unninni kuwa mtunzi wake, na ambalo sehemu kubwa yake ilifukuliwa katika magofu ya maktaba ya mfalme Ashurbanipal huko Ninawi. Katika toleo hilo Lugalbanda bado yupo: Gilgamesh na rafiki yake Enkidu wanapomwua Ng'ombe wa Mbinguni, pembe zake zinajazwa mafuta na kuwekwa wakfu kwa Lugalbanda. Uzi kati ya mistari miwili ya jedwali langu, kwa hiyo, ulifumwa na washairi wenyewe.

Safari ya kwanza ya Gilgamesh, ile ya msitu wa mierezi, inapingana kabisa na ile ya Lugalbanda kiotani. Kibao kilichonunuliwa na jumba la makumbusho la Sulaymaniyah mwaka 2011 na kuchapishwa na wataalamu mwaka 2014 kimeongeza mistari iliyokuwa imepotea katika kibao cha tano. Humo msitu una sauti za ndege, nyenze na nyani, wanaomtumbuiza Humbaba, mlinzi wa msitu huo, kila siku kama kundi la waimbaji na wapiga ngoma mbele ya mfalme. Baada ya kumwua, Enkidu anamwambia rafiki yake kwamba wameugeuza msitu kuwa jangwa, na anauliza watamjibu nini mungu Enlil. Kinachotoka msituni ni mlango mkubwa wa mwerezi kwa ajili ya hekalu la Enlil huko Nippur. Enkidu anapolala mahututi katika kibao cha saba, mlango huohuo ndio anaoulaani. Nimeuandika katika safu ya mwisho kwa wino mwekundu, maana ni kitu walichorudi nacho ambacho hakikuwafaa kitu.

Safari ya pili ni ya kukimbia kifo. Gilgamesh anakataa Enkidu azikwe kwa siku sita na usiku saba, mpaka funza anadondoka puani mwa maiti, na baada ya hapo anatangatanga nyikani akimtafuta Uta-napishti aliyenusurika gharika. Anashindwa jaribio la kukesha, na nyoka anauiba mmea wa ujana alipokuwa akioga. Hata hivyo sikuiacha safu ya mwisho tupu. Kibao cha kwanza kinasema wazi kwamba alileta habari za kabla ya gharika na kuandika taabu zake zote kwenye jiwe, na kibao cha kumi na moja kinaishia kwake akimwonyesha Ur-shanabi, baharia aliyefuatana naye, ukuta wa Uruk na matofali yake. Kwangu mimi huo ni ushindi halali, na siafikiani na wasomaji wanaouona mwisho huo kuwa faraja hafifu.

Adapa na Etana nimewapitia kwa haraka zaidi. Adapa, akifuata ushauri wa mungu wake Ea, anakataa mkate na maji ya uzima mbele ya Anu, mungu wa mbinguni, na anarudishwa duniani. Etana hana mtoto, anamwokoa tai shimoni na kupanda naye mbinguni kutafuta mmea wa uzazi. Shairi limevunjika kabla ya mwisho, ila Orodha ya Wafalme wa Sumeri inamtaja mwanawe Balih kuwa mrithi wake, na hilo ndilo nililoandika.

Awamu inayofuata ni ya Siduri, mwenye kilabu cha pombe ukingoni mwa bahari. Katika kibao cha zamani zaidi, cha enzi ya Babeli ya Kale, anamshauri Gilgamesh ale, ashangilie, amtazame mtoto anayemshika mkono na kumfurahisha mkewe. Toleo la vibao 12 halina maneno hayo. Nitaongeza safu mpya kwa ajili ya ushauri ambao shujaa anaupewa njiani, na nitaanza kuijaza kwa maneno ya Siduri, yakifuatiwa na onyo la Anzu kwa Lugalbanda.