Hana VVU, mbona nimonia haimwachi?

Mtoto wa miezi 4 amelazwa kwa nimonia mara ya pili. Utando mweupe mdomoni hausikii nistatini (dawa ya fangasi), kuhara hakukomi, uzito umegoma kupanda. Kipimo cha VVU kimesoma hasi, na hapo ndipo wengi hufunga faili. Jamani, msifunge: huenda ana SCID, upungufu mkali wa kinga wa kuzaliwa nao.

Kipimo cha kuchoma kidole hutafuta kingamwili, protini ambazo mwili hutengeneza kupambana na vijidudu. Mtoto aliyezaliwa bila uwezo wa kuzitengeneza anaweza kusoma hasi hata akiwa na virusi. Apimwe kwa PCR, kipimo kinachotafuta virusi vyenyewe. Ikisoma hasi pia, rudini kwenye picha kamili ya damu, ambayo mara nyingi tayari imo kwenye faili.

Tazameni limfosaiti (aina ya seli nyeupe za kinga) kwa idadi, si kwa asilimia tu. Seli nyeupe 7,000 kwa mikrolita, limfosaiti asilimia 15: hizo ni 1,050. Mashine iliyowekewa viwango vya watu wazima itaipitisha bila alama yoyote. Kwa mtoto mchanga, chini ya 3,000 ni hatari ya kufuatiliwa siku hiyohiyo. Hata hesabu nzuri haimalizi shaka, maana chembe za mama zilizovuka kondo huweza kuijaza.

Muulizeni mama kuhusu wajomba wa mtoto: kuna waliofariki kabla ya mwaka mmoja? Aina moja kubwa ya SCID hupitia kwa mama na kuwapata wavulana. Ulizeni pia kama wazazi ni binamu.

Halafu kagueni kwapa la mkono uliochanjwa BCG, chanjo ya TB. Tezi kuvimba kidogo huwapata hata watoto wazima wa afya. Tezi inayotoa usaha, pamoja na homa na ini kuvimba, ni jambo jingine: bakteria hai wa chanjo wamesambaa. Kwao pirazinamidi, moja ya dawa za TB, haifanyi kazi, kwa hiyo dozi ya kawaida ya TB haitoshi.

Wakati mnatafuta rufaa, asipewe matone ya rota wala ya polio, kwani nayo ni chanjo zenye virusi hai. Aanzishiwe kotrimoksazoli, antibiotiki ya kumkinga na nimonia. Damu ya kupima IgG (aina kuu ya kingamwili) itolewe kabla hajaongezewa damu. Na akiongezewa, iwe iliyopigwa mionzi, kwa sababu limfosaiti hai za mchangiaji zitaushambulia mwili usioweza kujitetea.

Tiba yenyewe ni kupandikiza uboho, kazi iliyofanikiwa kwa mara ya kwanza Minnesota, Marekani, mwaka 1968, uboho ukitoka kwa dada wa mtoto. Matokeo huwa bora zaidi mtoto akifikishwa kabla ya miezi 3 na nusu, kabla maambukizi hayajamwingia.